Uzoefu wangu wa kutibiwa uvimbe wa limfu shingoni nikiwa mtu mzima

Nilikuwa na miaka 41 nilipougusa wakati wa kunyoa ndevu: uvimbe laini juu ya mtulinga wa kushoto, usiouma, uliobonyea chini ya kidole kisha ukarudi ulivyokuwa. Kliniki ya kwanza iliufyonza kwa sindano mara mbili, yakatoka maji ya manjano hafifu, na mara zote mbili ulijaa tena baada ya wiki chache. Lawama yangu kubwa iko hapo, kwa kuwa hakuna aliyeyapeleka maji hayo maabara wala kuagiza picha, ilhali uvimbe wa maji kwenye shingo ya mtu mzima unaweza kuwa tezi iliyoingiwa na saratani iliyosambaa kutoka kooni au kwenye thairoidi (tezi iliyo mbele ya shingo).

Hospitali ya pili haikugusa kisu kabla ya kujua inakata nini. Ultrasaundi ilionyesha vifuko vingi vilivyotengwa na kuta nyembamba, MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) ikaonyesha kwamba vimejipenyeza nyuma ya mshipa mkubwa wa damu, na maji yalikutwa na limfositi tu, yaani chembe nyeupe za kinga. Daktari bingwa alinichorea kwenye karatasi ugonjwa wangu, hitilafu ya mishipa ya limfu (mishipa inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu), ambayo kwa kawaida hugunduliwa kabla ya mtoto kutimiza miaka 2, akaeleza kwamba kufyonza hakuponyi kwa sababu kuta zinazojaza maji hubaki palepale. Alinitajia pia sindano za kukausha vifuko, kama bleomisini au doksisaiklini. Nikachagua upasuaji, maana nilitaka uvimbe wote upimwe.

Baada ya upasuaji niliwekewa mrija wa kutolea maji kwa siku 4. Kila asubuhi muuguzi aliinua chupa yake dirishani kutazama rangi, kwani upande wa kushoto ndiko unakomwagikia mrija mkuu wa limfu, na ukijeruhiwa maji hugeuka meupe kama maziwa, hasa mgonjwa akila mafuta. Yangu hayakugeuka. Majibu ya patholojia, yaani ya kupima uvimbe uliotolewa, yalithibitisha kuwa si saratani, na picha ya mwaka mmoja baadaye haikuonyesha kifuko kilichosalia.

Huduma hii naipa alama za juu, ila ganzi ya ngozi juu ya mtulinga, ambayo nilitajiwa kwa haraka nikitia sahihi fomu ya ridhaa, ipo hadi leo, na mkanda wa begi nauweka bega la kulia.