Uzoefu wangu na risasi ngumu za tembo na nyati

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mimi ni mtu wa Nakuru. Ndiyo maana nikitaja kazi yangu ya uwindaji mtaani huulizwa swali lile lile: wawinda wapi, huko kwenye hifadhi ya ziwa? La. Nyati wa Ziwa Nakuru nawatazama kama mlipa kiingilio mwingine yeyote. Kazi yangu iko Tanzania, upande wa Tabora, msimu ukifunguliwa mwezi Julai. Mgeni hupiga kwanza, mwindaji mkuu humfuatia, nami hukaa nyuma yao na bunduki ya kampuni ya uwindaji, .416 Rigby (namba ni unene wa risasi yake kwa inchi), nikisubiri mambo yaharibike. Siku nyingi hayaharibiki. Yakiharibika, hakuna muda wa kuanza kujiuliza umejaza risasi gani.

Msimamo wangu nautoa mapema: ukinunua risasi ngumu, tazama pua, yaani ncha yake ya mbele, kabla ya kutazama jina kwenye boksi. Taka pua bapa.

Risasi laini hutanuka ikigonga nyama, hufungua jeraha pana na kusimama. Ngumu haitakiwi kubadilika umbo hata kidogo. Kazi yake ni kupita: ngozi, bega, mfupa, hadi ifike mahali penye uhai. Ubongo wa tembo una uzito wa kilo nne au tano hivi, lakini umejificha nyuma kabisa ya fuvu kubwa lenye mfupa wa vitundu vitundu vya hewa. Ukimpiga akikutazama, risasi ina safari ndefu ndani ya mfupa huo, na ikikengeuka kidogo tu njiani, itapita kando ya ubongo na utabaki na tembo mzima aliyekasirika.

Hapo ndipo pua inapohesabika. Risasi ndefu yenye pua ya mviringo ina uzito mwingi upande wa nyuma. Hewani inazunguka kwa kasi na mzunguko huo unaiweka sawa, ila nyama ni nzito kuliko hewa mara mia kadhaa, na mzunguko peke yake hautoshi tena. Kitako kinaanza kutaka kutangulia. Pua bapa hufanya jambo jingine: ukingo wake mkali huitupa nyama pembeni, risasi ikapita katikati ya uwazi iliyoufungua yenyewe, ubavu wake hauguswi na chochote cha kuisukuma kando. Inakwenda ilikoelekezwa. Tena jeraha lake ni kubwa zaidi, jambo ambalo wengi hawalitarajii kwa risasi isiyotanuka.

Haya sikuyasoma tu. Mnyama akichunwa, sisi hufuata njia ya risasi kwa kisu na kijiti, na mzee wetu msoma nyayo, mwenyeji wa Sikonge, ndiye fundi wa kuzitafuta. Kulikuwa na aina moja ya pua ya mviringo, ganda jembamba la nje likifunika kiini cha madini laini ya risasi, sitaitaja jina. Mzee aliitoa kwenye nyati aliyepigwa begani. Ilikuwa imepinda kama ndizi, madini yamekamuliwa nje kwa nyuma, na tuliikuta mbali kabisa na mstari iliyoingilia. Akaishika kiganjani akaniambia, “Mwanangu, hii haikujua inakwenda wapi.” Ya shaba nyeupe tupu tuliyoichimba baadaye kwenye shingo ya tembo ilikuwa na mikwaruzo ya mtutu tu. Ungeifuta damu ungedhani haijawahi kupigwa.

Hiyo ya shaba nyeupe ni Barnes Banded Solid, greni 400, karibu gramu 26, na ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Ni kipande kimoja, hakina ganda wala kiini cha kutengana. Ile mifereji ya duara kwenye mwili wake si urembo: inapunguza sehemu inayosuguana na mtutu, hivyo msukumo wa baruti haupandi ovyo. Kwa kuwa shaba nyeupe ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kichwa (ile sehemu inayoruka) cha uzito ule ule huwa kirefu zaidi na hula nafasi ya baruti. Ganda la baruti la Rigby lina tumbo kubwa, halisumbuki. Kwenye .458 Winchester, ambayo ganda lake la baruti ni fupi, upungufu wa nafasi hiyo utauhisi.

Risasi ngumu ya Hornady, DGS, ina ganda la nje la chuma lililopakwa shaba nyekundu, nayo ni bapa. Ninachoipendea ni pacha wake laini, DGX, mwenye umbo lile lile, na katika .416 ya kampuni zote mbili hugonga pamoja kwenye karatasi ya shabaha ya mita 50. Usichukulie kwamba kwako itakuwa hivyo. Pima, kwa sababu bunduki hutofautiana, na laini inayopiga juu huku ngumu ikipiga chini ni balaa.

Risasi ya Woodleigh ya pua ya mviringo siidharau. Ganda lake ni la chuma, na wazee wa kazi wameitumia miaka mingi kwa heshima. Na mtu mwenye bunduki ya mitutu miwili ya zamani, namshauri achague aina hii yenye ganda badala ya shaba tupu: mitutu ile ni myembamba, na shaba tupu haikubali kubanwa. Waulize watengenezaji kwanza.

Kasoro ya pua bapa ni moja, nayo si ndogo. Kuna bunduki zisizoipenda. Ukikoki, ule ukingo hugonga mdomo wa chemba, chumba cha risasi nyuma ya mtutu, na risasi inakwama. Usipime polepole mezani ukijidanganya. Jaza magazini, elekeza mtutu mahali salama, koki kwa nguvu na haraka kama mtu anayekimbizwa, mpaka magazini iishe, kisha rudia. Ikikwama mara moja tu, peleka kwa fundi au badilisha risasi.

Kuhusu mpangilio: kwa tembo najaza ngumu tupu. Kwa nyati ya kwanza ni laini, zinazofuata ngumu, maana nyati aliyejeruhiwa mara nyingi anakuonyesha matako akikimbia na unahitaji risasi itakayopita mwili mzima hadi kifuani. Akiwa ndani ya kundi usipige ngumu kabla hujaona kilicho nyuma yake, kwani itamtoka na kumpata mwenzake. Simba na chui, acha kabisa. Hao ni wa risasi laini.

Vijana hunitajia W. D. M. Bell, mwindaji wa zamani wa pembe za ndovu, yule aliyepita Mumias akielekea Karamoja na kuua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa .275 yenye kichwa cha greni 173. Ni kweli. Lakini Bell aliijua anatomia ya tembo kuliko wengi wetu tunavyoijua miili yetu, na tembo wa siku zake walikuwa hawajazoea bunduki. Leo Tanzania, kama nchi nyingi za uwindaji, huruhusiwi kwenda kwa tembo au nyati na kitu chini ya .375. Kwa hiyo hadithi hiyo haikusaidii dukani. Inachosaidia ni kukumbusha kwamba hata yeye alitumia risasi ngumu, ndefu kwa unene wake, na akaipeleka mahali pake.

Bei zinauma. Boksi lina 20 tu, na ukitaka kuzoea bunduki, boksi moja ni la asubuhi moja. Halafu usiziache juu ya dashibodi ya gari juani; baruti ikipata joto msukumo hupanda, na ganda la baruti linaweza kung'ang'ania ndani ya chemba wakati usiofaa.

Kwa msimu ujao nimeiomba kampuni iagize Barnes kwa ajili ya tembo na DGX pamoja na DGS kwa ajili ya nyati. Zile za mviringo zilizobaki tutazimalizia kwenye karatasi.