Mhusika wa Pembeni Akipewa Filamu Yake: Ipi Utazame, Ipi Uiruke

Karibuni watazamaji. Leo tunapima filamu za vichekesho zilizojengwa juu ya mhusika wa pembeni, yule aliyeingia dakika chache kwenye filamu ya mwenzake akaondoka na kicheko chote. Baadhi zimetoka safi, nyingine zinapwaya, na tatizo ni lile lile: mtu wa aina hii hachekeshi peke yake. Anachekesha kwa sababu kando yake yupo steringi anayesumbuliwa naye. Ukimhamisha, mtafutie mwingine wa kumsumbua.

Tuanze na Get Him to the Greek ya 2010. Aldous Snow, mwanamuziki wa rock anayeigizwa na Russell Brand, alitokea kwanza kwenye Forgetting Sarah Marshall ya 2008, na zote mbili zimeongozwa na Nicholas Stoller. Kule alikuwa anamkosesha raha Peter, steringi wa filamu ile, kwa kumchukulia mpenzi halafu akawa mtu mzuri tu, hata kumchukia unashindwa. Hapa Peter hayupo, ila kuna Aaron, kijana wa kampuni ya muziki mwenye saa 72 za kumfikisha Aldous kutoka London hadi Greek Theatre, Los Angeles. Tazama kamera inaandamana na nani: Aaron. Aldous amebaki msumbufu wa pembeni ndani ya filamu yake mwenyewe, na inafanya kazi vizuri sana. Angalizo: Jonah Hill, anayeigiza Aaron, yumo pia kwenye ile ya kwanza kama mhudumu wa mgahawa wa hoteli. Hao ni watu wawili tofauti, usitafute uhusiano. Na watoto wasiwepo sebuleni. Matusi na dawa za kulevya ni nyingi.

Evan Almighty ya 2007 ilikwenda kinyume. Kwenye Bruce Almighty ya 2003, Evan wa Steve Carell ni mtangazaji mwenye majivuno. Yuko hewani, anasoma habari, ghafla sauti inapanda na kushuka, maneno yanageuka mvurugo mtupu, huku Bruce, steringi aliyepewa nguvu za Mungu, ndiye anayemchezea. Tunacheka kwa sababu alijiona sana. Kwenye filamu yake majivuno yananyauka mapema. Anakuwa baba mwema anayeamriwa na Mungu kujenga safina. Ndevu zinarudi kila akinyoa, wanyama wanamfuata hadi ofisini, naye kazi yake ni kushangaa tu. Bajeti ilifika takriban dola milioni 175, na unaziona kwenye safina, si kwenye utani. Hii iruke.

Minions ya 2015, ya vile viumbe vidogo vya njano kutoka Despicable Me, nitaipitia haraka. Sehemu ya mwanzo, wanapotafuta bwana wa kumtumikia na kila wanayempata anaangamia mikononi mwao, ni tamu mno: kuna anayeumia. Akishaingia yule mwovu Scarlet Overkill na habari za kuiba taji, kasi inashuka.

Sasa Puss in Boots, paka mwenye sauti ya Antonio Banderas, aliyetokea Shrek 2 ya 2004. Filamu yake ya 2011 inatazamika. The Last Wish ya 2022 ndiyo ninayoipenda kuliko zote za leo. Na yeye huku ndiye anayesumbuliwa, kama Evan, lakini majivuno yake hayakupunguzwa hata chembe. Kila tukio linayapiga. Ana roho tisa, nane zimeshakwisha. Mbwa mwitu mwenye miundu miwili anamchana kwenye paji la uso, damu inatoka, na shujaa anatorokea tundu la choo. Baadaye, msituni, hofu inamshika: manyoya yamesimama, pumzi haitoshi, moyo unadunda mpaka unausikia wewe uliyekaa. Perrito, mbwa mdogo anayeongea bila kupumzika filamu nzima, safari hii hasemi kitu. Analaza kichwa kwenye tumbo la paka na kusubiri pumzi irudi.

Utaratibu wa kuitazama: anza na Shrek 2, uone anavyoshika kofia na kutoa yale macho makubwa kulainisha maadui kabla ya kuwarukia. Kisha ingia The Last Wish moja kwa moja. Kitty Softpaws, paka jike mwenzake, ametoka kwenye ile ya 2011, lakini mnachohitaji kujua juu yao wawili kinaelezwa humo humo. Ukiwa na watoto wadogo, kaa nao karibu: mluzi wa yule mbwa mwitu husikika kabla hajaonekana, na hapo ndipo wengi watakapokushika mkono.