Programu za TI-84 Plus za kusomea kalkulasi: zipi zinasaidia, zipi zinakupoteza

Nimekaa na TI-84 Plus, ile kalkuleta ya kuchora grafu, muhula mzima najiandaa na pepa ya kalkulasi, na kila anayeiona mezani ananiuliza kama zile programu za kuweka ndani zina maana au ni mbwembwe tu, sasa ngoja niseme mara moja. Zinasaidia. Ila sio zile za kupakua.

Mashine yenyewe ni ya kizee, sitawaficha. Skrini ni nukta 96 kwa 64, prosesa ni Z80 ya megahezi 15, ukichora grafu ya sin unaiona inajikokota kutoka kushoto kwenda kulia mpaka unapata muda wa kupiga miayo. Lakini kuandika programu humo ni rahisi ajabu, unabonyeza PRGM, unaenda NEW, unaipa jina, unaanza.

Mimi nilianza kwa uvivu. Nikapakua pakiti ya programu kama ishirini hivi za mtu nisiyemjua, nikaziingiza kwa kebo, siku mbili nzima najiona jiniazi, yani unaiwekea intigrali (eneo chini ya grafu) ya x² kutoka 0 hadi 2 inakutemea jibu unanakili unasonga mbele. Alafu nikajipa swali lile lile kwenye karatasi tupu, nikabaki naangalia dari. Na kibaya zaidi moja ya hizo programu ilikuwa inahamisha MODE kwenda digrii kimyakimya na hairudishi, basi nikitafuta derivativi (mteremko wa grafu) ya sin x kwenye 0 inaniletea 0.01745 badala ya 1, jioni nzima nimeimaliza nikidhani mimi ndo sijui kitu. Hiyo namba ni pai gawanya kwa 180, ukikutana nayo popote kimbilia MODE urudishe radiani.

Nikafuta zote nikaanza kuandika zangu, na hapo ndo mambo yakabadilika.

Ya kwanza ilikuwa ya jumla ya Riemann, yani kukadiria eneo chini ya grafu kwa kulikata vipande vya mistatili, mistari sita saba tu: inauliza A, B na N, inagawa upana kuwa H, alafu kuna For(, amri ya kurudia, inayozunguka kwa kihesabu I ikijumlisha Y1(A+I*H), Y1 ikiwa ndo fomula uliyoweka, mwisho unazidisha kwa H. Nilipoijaribu kwa x², 0 hadi 2, vipande 4, nilitegemea 1.75 niliyokuwa nimeipata kwa mkono kwa kutumia ncha za kushoto, ikaniletea 3.75. Nikaikagua herufi kwa herufi, sioni kosa. Kumbe nilikuwa nimeanzia I kwenye 1 hadi N badala ya 0 hadi N-1. Yani tofauti nzima ya kushoto na kulia ambayo nilikuwa naikariri kama shairi ni kwamba unaanza kuhesabu wapi, basi! Ukitaka katikati unaweka I+0.5 inatoka 2.625, na jibu kamili ni 8/3, kwa hiyo ya katikati iko karibu kabisa, na ukichukua wastani wa kushoto na kulia unapata 2.75 ambayo ndo kanuni ya trapeza yenyewe. Nimeelewa hayo yote kwa kosa moja la kitoto, sijui ningesoma kurasa ngapi.

Ya Newton nayo ni nzuri, hii inatafuta x inayofanya fomula iwe 0 kwa kufuata tangenti, yani mstari unaogusa grafu pale ulipo. Kwa x²-2 ukianzia 1 inaenda 1.5, 1.41667, 1.41422, inatua haraka mpaka unashangaa. Sasa jaribu x³-2x+2 ukianzia 0. Inatoa 1, alafu 0, alafu 1, alafu 0, haimalizi mpaka ubonyeze ON kuikatiza. Chora tangenti hizo mbili kwa penseli utaona kwanini zinarushiana mpira.

Ya Euler, ya kukadiria jibu la mlinganyo wa derivativi hatua kwa hatua, ni fupi, dy/dx = y, y ikianza na 1 kwenye x=0, hatua ya 0.1, ukifika x=1 unapata 2.5937 wakati jibu kamili ni e, yani 2.718, unaona kabisa inavyobaki nyuma. Sina zaidi.

Kitu kimoja cha kuwa nacho makini ni nDeriv( iliyomo tayari ndani. Hiyo haijui kudiferenshieti, inachukua pointi mbili, moja kushoto moja kulia kwa umbali wa 0.001, inapima mteremko kati yao. Sasa iulize derivativi ya abs(X) kwenye 0, itakujibu 0 bila aibu, wakati pale kuna kona na derivativi haipo kabisa. Swali la hivyo wasahihishaji wanalipenda, usije ukaandika 0 kisa mashine imesema.

La mwisho, zikishakamilika zihamishie Archive, ile kumbukumbu isiyofutwa na Reset ya RAM. Mimi nilifanya Reset ya RAM kwa haraka zangu wiki moja kabla ya pepa, zote zikaondoka. Nilinuna kama dakika kumi hivi alafu nikaziandika upya kwa kichwa, ya Riemann ikatoka bila kufungua daftari. Na uliza mapema sheria za mtihani wako maana kuna sehemu wanataka uwashe Press-to-Test, hali ya mtihani ya kalkuleta, na programu zako zote zinafungwa.

Zangu nazipa nyota 4 kati ya 5, moja nimekata kwa ajili ya kuandika kwa vile vitufe, herufi moja moja na ALPHA, vidole vinauma. Zile za kupakua nazipa 1, na hiyo ni kwa sababu mojawapo ilikuwa na gemu.