Karatasi kwanza, wino baadaye: mwongozo wa kununua vifaa vya kuchapa picha nyumbani

Mtu akishanunua printa ya matangi (ile inayojazwa wino kwa chupa), swali la kwanza huwa la wino: nichukue wa kampuni, au huu wa nusu bei? Kwa picha, swali hilo linatangulizwa mno. Wino na karatasi hufanya kazi kama jozi, na katika jozi hiyo karatasi ndiyo inayoharibu picha nyingi zaidi. Wino wa kampuni ukiumwaga juu ya karatasi duni, picha itatoka duni. Wino mbadala ulio mzuri, juu ya karatasi nzuri, utatoa picha ambayo wengi hawataitofautisha siku ya kwanza. Tofauti ya wino huonekana baadaye, picha ikiwa ukutani na mwanga umeshaanza kuila. Ndiyo maana tunapanga karatasi kwanza.

Karatasi, kuanzia iliyo bora

Namba moja ni RC ya gramu 240 hadi 270 kwa mita ya mraba. Herufi hizo zikiwa kwenye pakiti, maana yake karatasi imevikwa plastiki nyembamba mbele na nyuma, na juu ya plastiki ya mbele kuna tabaka lenye vitundu vidogo mno vinavyofyonza wino papo hapo. Picha inatoka imekauka kwa mguso, haijikunji, na weusi unakuwa weusi kweli. Epson Premium Glossy ina gramu 255, Canon Photo Paper Plus Glossy II ina gramu 265. Zipo pia RC za gramu 260 za chapa zisizojulikana sana, na nyingi zinafaa kabisa. Kwa picha za familia, za harusi na za pasipoti, nunua hii. Ukipata RC yenye mng'ao hafifu badala ya ule wa kioo, ichukue kwa picha za fremu: haishiki alama za vidole na hairudishi mwanga wa taa ya sebuleni.

Usitegemee maandishi ya pakiti peke yake. Muombe muuzaji karatasi moja ya sampuli, uchane kona yake polepole. RC hutanuka kidogo kama mfuko wa plastiki kabla ya kukatika, na ukingo unabaki na utando mwembamba. Karatasi isiyo RC inachanika mara moja na kuacha nyuzinyuzi. Au tia tone la maji mgongoni: kwenye RC linakaa juu kama umande kwenye jani la mgomba, kwenye nyingine linazama na kuacha doa.

Namba mbili ni karatasi ya picha isiyong'aa iliyopakwa tabaka la kupokea wino, gramu 170 hadi 230. Haina weusi mzito kama wa RC, lakini inafaa sana kwa kadi za mwaliko, vyeti na mabango madogo, na baadhi zimepakwa pande zote mbili. Inapatana vizuri hata na wino mweusi wa pigmenti, jambo tutakalolieleza hapa chini.

Namba tatu ni ile iliyojaa madukani, Kariakoo ya Dar es Salaam hadi Luthuli Avenue ya Nairobi: pakiti ya karatasi 20 za A4, uso unang'aa kama kioo, mgongo ni karatasi tupu, gramu 180 hadi 230. Bei yake inavutia. Kwa kazi za shule, lebo za biashara ndogo na majaribio, haina ubaya. Kwa picha ya kutunza, hapana. Wino mwingi unapoingia kwenye sehemu za giza, maji yake yanapenya hadi kiini cha karatasi, nayo inajikunja. Vivuli vinajaa na kuwa doa moja. Tazama nywele nyeusi au koti la bwana harusi: kwenye RC utaona mikunjo ya kitambaa, kwenye hii utaona weusi mtupu. Na gramu zisikudanganye. RC ya gramu 200 inaishinda hii ya gramu 230 kwa mbali, kwa sababu uzito hausemi chochote kuhusu tabaka la juu.

Isiyofaa kabisa ni karatasi ya kung'aa iliyotengenezwa kwa printa za leza. Wino wa maji hauna pa kuingilia. Unakaa juu, unateleza, na kuchafua rola za printa yako.

Kuhusu ukubwa, anza na 10×15. Epson za daraja la L3150 na L3250 huchapa bila ukingo mweupe kwa ukubwa huo tu. Kwenye A4 zitakuachia ukingo hata ukinunua karatasi ya bei gani. Picha za pasipoti za milimita 35 kwa 45 zinaingia 8 kwenye karatasi moja ya 10×15, mistari miwili ya nne nne.

Weusi wa printa yako ni wa aina gani?

Hapa ndipo watu wanapoharibu printa nzima. Wino wa nyumbani uko wa aina mbili. Kuna wa kuyeyuka, ambao rangi yake imeyeyuka ndani ya maji kama sukari kwenye chai. Na kuna wa pigmenti, ambao rangi yake ni chembechembe zinazoelea. Wa kuyeyuka unaingia ndani ya karatasi ya kung'aa na kutoa rangi kali. Wa pigmenti unakaa juu; kwenye karatasi ya kawaida unatoa herufi nyeusi zisizochuruzika, lakini kwenye karatasi ya kung'aa mara nyingi unafutika kwa kidole kama masizi.

Epson zinazotumia chupa namba 103, kama L3110, L3150 na L3250, zina wino wa kuyeyuka katika matangi yote manne. Zinazotumia 101, kama L4150 na L4160, zina weusi wa pigmenti na rangi tatu za kuyeyuka. Canon za GI-490 na HP Smart Tank nazo weusi wake ni wa pigmenti. Kwa printa hizi, ukichagua kwenye kompyuta aina ya karatasi ya kung'aa, printa inauacha weusi wa pigmenti na kuuchanganya weusi kutoka rangi tatu. Ndiyo maana weusi wa picha zake una wekundu au ukijani kidogo, na ndiyo maana matangi ya rangi yanaisha upesi. Ukisahau, ukaacha ‘karatasi ya kawaida’, inamwaga pigmenti juu ya mng'ao, na picha inachafuka mikononi.

Sasa tuseme una printa ya 103, ukaitia weusi wa pigmenti kwa makosa. Printa haijui. Itautumia kwenye picha kila mara, na kila picha itafutika. Ukifanya kinyume, ukatia weusi wa kuyeyuka kwenye tangi la pigmenti, herufi zitafifia na kuchuruzika, na mchanganyiko wa aina mbili unaweza kugandia ndani ya kichwa cha printa, yaani sehemu inayorusha wino.

Chupa ikikutia shaka, dondosha tone kwenye karatasi ya kawaida, liache nusu saa likauke, kisha litilie tone la maji. Likichuruzika na kutoa kingo za zambarau au buluu, ni wa kuyeyuka. Likibaki pale pale jeusi, ni pigmenti.

Wino, kuanzia ulio bora

Wa kampuni ndio wa kwanza, hasa printa ikiwa bado ina waranti na picha ni za kutundikwa. Kwa printa za rangi sita, Epson L805 yenye chupa 673 na L8050 yenye chupa 108, hatungeshauri mwingine: zile rangi mbili hafifu za ziada ndizo zinazolainisha ngozi ya uso, na wino mbadala usiolingana unaiua faida hiyo uliyoilipia.

Wa pili ni mbadala uliotengenezwa kwa namba ya chupa yako mahususi. Lebo itaje namba hiyo, iseme kama ni wa kuyeyuka au pigmenti, iwe na tarehe, na kizibo kiwe na lakiri. Nunua rangi zote nne za chapa moja kwa pamoja, ubaki nayo. Subiri tangi lishuke karibu na mstari wa chini, lakini usipite hapo, kwa sababu hewa itaingia kwenye mirija. Rangi zitaendelea kubadilika kidogo kidogo hadi wino wa zamani ulio mirijani uishe, kwa hiyo usirekebishe chochote wiki ya kwanza.

Wa tatu ni ule wa lita moja unaoitwa wa printa zote. Hakuna wino unaofaa printa zote. Kwa rasimu za ofisi, sawa. Kwa picha, uache.

Na angalia usije ukauziwa wino wa kuhamishia picha kwenye vikombe na fulana. Chupa zake zinafanana na hizi, lakini kwenye karatasi ya picha unatoka umepauka, maana rangi yake hukolea kwa joto la mashine ya kubana.

Kabla ya kununua pakiti ya pili

Chapa uso wa mtu mweusi wenye mwanga upande mmoja na kivuli upande wa pili. Hakuna kipimo kinachofichua kasoro za wino mbadala vizuri kuliko hiki. Kivuli cha shavu kikienda kijani, ongeza magenta (ile rangi ya wekundu wa waridi) hatua moja kwenye mipangilio ya rangi. Kikiwa chekundu kama kimeungua, ipunguze. Hatua moja, chapa, tazama mchana karibu na dirisha, siyo chini ya taa.

Pwani, unyevu ni adui wa karatasi iliyofunguliwa. Irudishe ndani ya mfuko wake, ufunge, uilaze. Picha iliyochapwa iache saa 24 kabla ya kuitia kwenye fremu, la sivyo kioo kitapata ukungu. Lakini usiiache bila kioo kwa miezi: vile vitundu vinavyokausha wino haraka ndivyo vinavyoiachia hewa kuifikia rangi, na wino wa kuyeyuka hufifia kwa hewa kama unavyofifia kwa jua.

Chapa ukurasa mmoja wa rangi kila wiki hata kama huna kazi. Mistari ikikatika, pima matundu ya kichwa (nozzle check), safisha kichwa, pima tena. Baada ya mara tatu bila mafanikio kwenye Epson, iache saa 12 bila kuigusa, kisha jaribu tena. Mara nyingi hewa inajitoa yenyewe. Usafishaji mzito (Power Cleaning) uwe wa mwisho, na matangi yawe yamejaa angalau theluthi moja, kwa sababu unanyonya wino mwingi na kuumwaga wote kwenye sponji ya wino taka, ambayo nayo ikijaa printa inasimama.