Wakala wa mizigo pale Malindi, ndo walonifahamisha kuwa London siyo Ulaya tena

Assalaam alaykum jamani. Nliahidi kuandika habari za hawa wa Malindi, hii ya hapa Unguja, tangu mwezi uliopita, leo mvua imetuzuia kuanika mwani kwa hiyo nna nafasi. Ni ofisi ndogo ya wakala wa forodha na mizigo, si mbali na bandarini, chumba kimoja na majalada mpaka darini. Kwa makaratasi nawapa nyota tano. Kwa kujibu simu mbili, na hizo mbili nimewahurumia.

Sie ni wanawake saba wa Jambiani, tunatengeneza sabuni za mwani, nyengine tunatia karafuu, nyengine mdalasini. Dada yangu anaishi London na tangu 2017 tulikuwa tunamtumia boksi moja kubwa, jina lake na anwani yake ndo ziko kwenye lebo, anauza sokoni Jumamosi na zinazobaki anazipeleka posta kwa wateja wa Dublin, Berlin na Amsterdam. Bahasha nene na stempu basi, hakuna fomu hakuna wa kuuliza. Huku kwetu mtu akienda London tunasema kenda Ulaya, bibi yangu mpaka leo anasema hivo hivo, na kwa sabuni zetu ilikuwa kweli kabisa, ikishaingia London ishaingia kote.

Waingereza wakapiga kura tarehe 23 Juni 2016, asilimia 51.9 wakataka kutoka Umoja wa Ulaya, wakatoka rasmi 31 Januari 2020, na sie wala hatukuhisi kitu maana kulikuwa na kipindi cha mpito mpaka 31 Desemba mwaka ule. 2021 ilipoingia dada akaanza kujaza fomu ya forodha kwa kila bahasha. Hilo tulilivumilia, vipaseli vya chini ya yuro 22 vilikuwa bado havitozwi VAT kule. Lakini 1 Julai 2021 Umoja wa Ulaya wakaufuta msamaha huo, basi hapo ndo tukashikika. Mteja wa Dublin kaagiza sabuni mbili, anagongewa mlango anaambiwa alipe VAT, kule ni asilimia 23, na juu yake ada ya waloleta mzigo, akakataa na mie simlaumu hata kidogo. Paseli ikarudi London. Ya pili ikarudi. Ya tatu ilirudi sabuni zimevunjika vipande. Yule wa Berlin alokuwa nasi miaka minne akaandika kwa upole kuwa anasikitika ila basi tena.

Tukakaa miaka tunauza London peke yake. Niliumia khasa, kwa sababu hatukukosea kitu, sabuni ni ile ile, mikono ile ile, na katika sie saba hakuna alopiga kura ile.

Ndo rafiki yangu wa Paje akanielekeza Malindi. Nimeingia nkamwamkia mzee mwenye ofisi, shikamoo, marahaba mwanangu, akaichukua sabuni akainusa akaniuliza, "Hii mwisho wake inakwenda kuogewa wapi?" Nkamwambia Ulaya. "Ulaya ipi?" Nikabaki kimya. Nimeshazungumza na watu wa mizigo wengi kabla yake, wote waliniuliza kilo ngapi tu.

Akakaa na mie karibu saa nzima. Kumbe sabuni na vipodozi lazima kwenye lebo iwepo anwani ya mtu wa kuwajibika, ikimdhuru mtu yeye ndo anaulizwa, na tangu 1 Januari 2021 Uingereza inataka wake alie Uingereza na Umoja wa Ulaya unataka wake alie ndani ya Umoja. Jina la dada halikuwa likitosha tena kwa Berlin wala Dublin, nlishtuka maana tulikuwa tunapeleka hivo hivo bila ya kujua. Na Ireland ya Kaskazini, ijapokuwa imo ndani ya ufalme wa Uingereza, kwa bidhaa inafuata kanuni za Umoja wa Ulaya, kwa hiyo Belfast hapa inahesabiwa pamoja na Dublin. Hilo alinirudia mara mbili ndo nkalifahamu.

Ushuru nao akanitoa wasiwasi. Bidhaa zilotengenezwa Tanzania zinaingia Umoja wa Ulaya bila ushuru chini ya mpango wa nchi maskini zaidi, na Uingereza nao wana mpango wao walouanzisha Juni 2023. Ila huwezi kuipitisha London ukategemea mkataba wa biashara baina ya Waingereza na Umoja, maana sabuni ya Jambiani haigeuki ya Kiingereza kwa kulala London wiki mbili. Akasema, gawa mzigo hapa hapa Unguja, boksi la London kivyake, la Dublin kivyake. Kwa upande wa Dublin tumepata kampuni inayosimama kama mtu wa kuwajibika, tunawalipa kila mwaka, na lebo tumechapisha upya zenye anwani mbili.

Gharama sasa, nisiwafiche. Kila kitu mara mbili, invoisi mbili, ada ya makaratasi mbili, na maboksi mawili madogo kwa ndege si bei ya boksi moja kubwa, faida yetu imepungua na haitorudi kama zamani. Watu wanaongea habari ya Brexit, yaani huko kutoka kwa Waingereza, kama jambo lilopita. Ofisi ya bajeti ya huko huko Uingereza, OBR, inakadiria uzalishaji wao kwa muda mrefu utakuwa pungufu kwa asilimia 4 kuliko kama wangebaki, na dada anasema jirani yake pale sokoni alikuwa akipeleka jibini Ufaransa, kaacha.

Mzee yeye hashangai. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 alikuwa karani kijana wa mizigo Dar, anakumbuka mpaka wa Kenya ulivofungwa na haukufunguliwa mpaka 1983, na mali za Jumuiya kugawana ni 1984. Anasema mizigo ya watu ilipotelea kwenye karatasi, tokea hapo kila hati anaweka nakala tatu. Yale majalada darini ndo hayo, na ndo sababu ya nyota tano.

Kasoro zao: meseji ya WhatsApp inajibiwa baada ya siku mbili, Ijumaa wakenda msikitini usiwatafute tena mpaka Jumatatu, risiti ya malipo ya mwanzo nlipewa baada ya kuidai, na lebo ya majaribio walikosea anwani ya Dublin, bahati niliiona kabla haijachapishwa. Nendeni wenyewe, asubuhi, na muchukue orodha kamili ya mulivotia kwenye bidhaa na uzito wa kila kimoja, bila ya hivyo mtarudishwa.

Boksi la pili la Dublin limefika bila ya mtu kudaiwa kitu mlangoni. Kutoka Dublin kwenda Berlin hakuna fomu. Yule mteja wetu kaagiza tena, kumi na mbili, zote za karafuu.