Mikorosho 46 kwenye mchoro wa nukta: LibreOffice Calc msimu mzima

Miaka mitatu nimeandika kilo za kila mkorosho kwenye kaunta buku, shambani kwetu Kitangari, Newala. Msimu huu nimeyahamishia yote kwenye LibreOffice Calc, programu ya majedwali na hesabu. Ni ya bure, na ukishaiweka kwenye kompyuta haikuombi bando. Laptop yangu ya mtumba inaiendesha vizuri. Safu ya kwanza nimejaza hatua za mguu kutoka mti hadi jirani yake wa karibu, ya pili kilo.

Mwanzoni nilichagua chati ya mistari, nikapata vilima visivyo na maana, kwani chati ile huzichukua hatua kama majina tu: 6 na 14 zikakaa bega kwa bega. Chagua chati ya XY, kisha nukta pekee. Mti mmoja, nukta moja, kila namba mahali pake.

Zilipotokea nilinyamaza. Miti ya hatua 5 na 6 imerundikana chini, kilo 3, kilo 4. Nukta zinapanda hadi kama hatua 14, halafu zinalala. Ukibofya nukta na kuongeza mstari wa mwelekeo, mstari ulionyooka unaendelea kupanda kana kwamba nikiacha hatua 30 nitavuna maradufu. Fomula ya CORREL, inayopima uwiano, yaani jinsi namba mbili zinavyokwenda pamoja kwa mstari ulionyooka (1 ni pamoja kabisa, 0 hakuna), ilinipa 0.6, lakini namba hiyo haikuniambia kuwa pana kona. Mwaka 1973 mtakwimu Francis Anscombe alitengeneza makundi 4 ya data, kila moja nukta 11, uwiano wote karibu 0.82, na michoro yake haifanani hata kidogo. Kwa hiyo chora kwanza, ndipo upige hesabu.

Nukta moja ilikaa juu peke yake: hatua 6, kilo 22. Nikaenda kuutazama mti wenyewe. Ni ule wa nyuma ya jiko, ambako bibi humwaga majivu na maji ya vyombo. Sikuifuta.

Kaka alitaka tushike shoka siku ileile. Nikamwomba asubiri, nikaitenga miti kwa rangi mbili, aliyopanda babu na aliyopanda baba. Kumbe iliyobanana karibu yote ni ya babu, mizee. Je, tatizo ni kubanana au uzee? Nikiangalia ya baba peke yake, nukta bado zinapanda, ila kwa mwinuko mdogo. Tumekubaliana tupunguze mstari mmoja tu wa miti ya baba, mingine ibaki kama ilivyo, na kaunta buku liendelee.