Maji ya choo yamerudi ndani: fundi wa waya au gari la kunyonya?

Kabla ya kumpigia yeyote, funua chemba ya nje, kile kisima kidogo ambacho bomba la choo hupitia kwenda shimoni. Ikiwa imefurika lakini shimo lina nafasi, bomba limeziba katikati: mwite fundi wa waya, anayezibua bomba kwa kusukuma waya mrefu ndani yake. Kwetu Sinza, Dar es Salaam, alitoa donge la mafuta ya kupikia lililoganda na nywele, jeupe kama sabuni. Gharama yake ni ndogo.

Shimo likijaa hadi mfunikoni, waya hausaidii kitu. Hapo ni gari la kunyonya, likamwage kwenye mabwawa ya majitaka ya Vingunguti. Ni ghali, na masika maeneo ya bondeni maji ya ardhini huingia shimoni tena upesi. Hata hivyo ninalipa. Kutapishia majitaka mtaroni, watoto wanakocheza, ni kuwapelekea majirani kipindupindu.